Usalama wa watoto mtandaoni: maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila kikao cha wazazi shuleni, na mengine huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, watu wakishatawanyika. Yamejibiwa kwa kuangalia nyumba zetu zilivyo: simu janja moja kwa watu wanne, bando la kupimia, mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Kila jibu linajitegemea; jambo likiwa limeelezwa kwingine utaona namba ya swali husika. Kama mwanao anatishiwa sasa hivi, acha haya mengine uende moja kwa moja swali la 17.

## Mambo ya msingi

1. Mwanangu hana simu. Mambo haya yananihusu kweli?

Yanakuhusu sana. Mtoto asiye na simu anatumia ya mama wakati mama yuko jikoni, ya kaka aliyerudi likizo kutoka chuo, au ya mwenzake aliyeiingiza shuleni kwa siri. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya nchi ambako kila mtoto ana kifaa chake chenye akaunti yake. Kwetu mtoto huingia mtandaoni kwa laini yako na akaunti yako, na mtandao unamhesabu kuwa ni wewe: mtu mzima, wa kuonyeshwa chochote na kuandikiwa na yeyote.

Ripoti ya Tanzania ya utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ilitoka mwaka 2022. Ilikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wa wazi kupitia mtandao: kutishiwa, kusambaziwa picha zao, au kushawishiwa kwa pesa na zawadi. Kwa idadi ya watoto nchini, hao ni kama 200,000.

2. Hatari zenyewe ni zipi hasa?

Wazazi wengi huanza na video chafu. Zipo, na zimezungumziwa swali la 23. Lakini zinazoumiza watoto zaidi ni zile zenye mtu upande wa pili: anayemrubuni taratibu (14), anayemtisha kwa picha (17), wenzake wanaomsema kwenye grupu (16), na tapeli anayemtumia mtoto kufikia pesa zako (6).

3. Aanze kutumia mitandao akiwa na umri gani?

WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zote zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mtoto wa miaka 14 ambaye hawezi kumkatalia rafiki yake mtaani hatamkatalia mtu asiyemwona.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hulipita haraka: mwaka wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka 13 akiandika kwamba kazaliwa 2001, kinga zote ambazo mitandao imewawekea watoto zinazimika kwake. Akaunti yake inakuwa wazi, wageni wanamwandikia, matangazo ya watu wazima yanamfikia. Ukiamua kumruhusu, kaeni pamoja mfungue akaunti, na mwaka uandikwe wa kweli. Kama tayari ana akaunti, mwombe muangalie leo alijiandikisha na mwaka gani.

4. Mtoto ananizidi kujua simu. Nitamlindaje?

Kujua kubofya ni jambo moja, kujua watu ni jingine, na kwa watu wewe unamzidi mbali. Ukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" unanusa uongo kabla hujamaliza kuisoma. Pua hiyo ndiyo anayoihitaji. Kwa hiyo muulize: "Hebu nionyeshe huu mchezo wenu. Huyu mnayeongea naye ni nani? Umemjuaje?" Akufundishe simu, nawe umfundishe watu.

Halafu mpe ahadi, kabla hakijatokea kitu: "Mwanangu, ukiniambia jambo lolote la kwenye simu, sitakupiga na sitakunyang'anya simu." Ukishaitoa, ishike hata siku utakayosikia jambo linalokuchemsha damu. Watoto wanaotishiwa hunyamaza kwa sababu wanaogopa fimbo ya nyumbani kuliko wanavyomwogopa anayewatisha, na anayewatisha analijua hilo vizuri sana. Katika yote yaliyoandikwa hapa, hili ndilo ninaloliamini zaidi. Mipangilio ya simu mtoto ataizunguka, ahadi hii hana sababu ya kuizunguka.

## Simu ya nyumbani

5. Nifanye nini kabla sijampa mtoto simu yangu aangalie katuni?

Kwanza, hakikisha haoni yasiyomhusu. WhatsApp ina kufuli lake: ingia Mipangilio, kisha Faragha, uweke ifunguke kwa alama ya kidole chako. Zima picha na video zinazojipakua zenyewe kutoka kwenye magrupu. Grupu la wanafunzi wenzako wa zamani linaweza kutuma usiku kitu ambacho mtoto atakikuta asubuhi katikati ya picha za familia. Na kama kwenye simu hiyo kuna picha za faragha zako na mwenzako, ziondoe. Watoto wamekutana nazo, na wengine wamezituma kwa watu bila kujua wanafanya nini.

Pili, mfungie kwenye programu moja. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kubandika programu, kipo kwenye mipangilio ya usalama. Kiwashe, na uchague simu idai namba ya siri kabla ya kubandua. Sasa ukifungua YouTube na kuibandika, mtoto hatoki hapo kwenda kwenye meseji zako wala kwenye M-Pesa. iPhone nayo ina kitu kama hicho kwenye sehemu ya ufikivu.

Tatu, YouTube yenyewe. Washa kichujio cha maudhui ya watu wazima, zima video inayofuata isijicheze yenyewe, na ufute historia. YouTube hupendekeza kutokana na ulichoangalia wewe: ukilala na video za kuchambana na mapigano, asubuhi mtoto ataletewa hayo hayo chini ya katuni yake. Kichujio hupunguza, hakimalizi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka sita napendelea njia nyepesi zaidi. Pakua katuni ulizoziona mwenyewe, halafu zima data. Anaangalia, bando linabaki, na hakuna mgeni anayeingia.

6. Pesa kwenye simu zinapungua na nina wasiwasi ni mtoto. Inawezekanaje?

Namba ya siri. Mtoto amekuona ukiibonyeza kwa wakala mara nyingi kuliko unavyokumbuka, na huenda wewe mwenyewe ulimtuma anunue umeme ukamtajia. Ibadilishe, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Kisha fungua taarifa ya miamala uangalie zilikokwenda. Zikienda kwenye vitu vya michezo, tazama swali la 11. Zikienda kwenye kampuni za kubashiri, pengine ni kindege, yaani mchezo wa kamari wa Aviator, ambao vijana huucheza kwa laini ya mzazi kwa sababu wao hawajafika miaka 18. Angalia pia kama kuna deni la Songesha, au Fuliza kwa walio Kenya, kwa sababu salio likiisha mtoto anaweza kuendelea na mkopo kwa jina lako. Mtoto aliyefika hapo ana shida ya kamari. Kipigo kitamfundisha kuficha tu. Funga njia ya pesa, kaa naye akueleze alianza lini na nani alimwonyesha, na ukiona hawezi kuacha piga 116 (swali la 22).

Na kama pesa zimekwenda kwa tapeli, Tanzania unaweza kutuma neno UTAPELI kwenda 15040 kisha ukafuata maelekezo. Pitia pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kaifungishe.

7. Mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi. Simu ya dada je?

Zungumza na dada kwa heshima, kama mtu mnayelea naye mtoto. Mweleze unachotaka: mtoto asikae na simu peke yake, asipigwe picha akioga au akiwa hajavaa, na picha zake zisiwekwe status. Mwambie na sababu yake, maana maagizo bila sababu husahaulika ukishafika kituoni. Maneno hayo hayo waambie kaka, binamu na wageni wanaolala kwenu.

## Simu ya mtoto mwenyewe

8. Amepata simu yake ya kwanza. Tukubaliane nini?

Machache yanayoshikika. Usiku simu inalala sebuleni au chumbani kwako, ikichajiwa hapo. Kutishiwa na kurubuniwa hunoga saa tano usiku, mtoto akiwa chini ya shuka. Namba ya kufungulia mzazi anaijua. Mtu asiyemjua ana kwa ana haingii kwenye namba zake. Picha ya mwili wake haitumwi kwa mtu yeyote, hata anayempenda. Na ahadi ya swali la 4 isemwe tena siku hiyo hiyo, simu ikiwa bado kwenye boksi.

Kwenye Android unaweza kuweka Family Link ya Google, ambayo ni ya bure. Inakuwezesha kukubali au kukataa programu anazotaka kupakua, kupanga muda na kuona simu ilipo. Mwambie umeiweka. Inafaa zaidi kwa mtoto wa darasa la tano kuliko kijana wa kidato cha tatu.

9. WhatsApp yake niiwekeje?

Yote yako ndani ya Mipangilio, sehemu ya Faragha. Picha ya wasifu, status na mara ya mwisho kuonekana vionwe na watu aliowahifadhi tu. Kwenye vikundi, weka kwamba wanaoweza kumuunganisha ni waasiliani wake. Usipobadili hapo, mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtupa kwenye grupu la watu mia asiowajua, na namba za watoto zimejaa kwenye magrupu ya "past paper". Zima sauti ya simu kutoka namba ngeni. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na umwambie kwamba tarakimu sita zinazokuja kwa meseji hapewi mtu yeyote, awe mwalimu, awe "huduma kwa wateja".

Picha ya kuangaliwa mara moja haina usalama wowote. Simu ya pili inaipiga picha hapo hapo.

10. TikTok na Instagram?

Kama mwaka wa kuzaliwa ni wa kweli (swali la 3), kazi kubwa imeshafanyika. TikTok huifanya akaunti ya aliye chini ya miaka 16 kuwa ya faragha tangu mwanzo na haimruhusu kutumiwa meseji za ndani. Kurusha matangazo ya moja kwa moja ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Unaweza pia kuunganisha akaunti yako na yake. Instagram ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti zao maalumu Septemba 2024, na aliye chini ya miaka 16 anahitaji kibali cha mzazi kuilegeza.

Linalobaki ni kile anachoonyesha mwenyewe. Tazama video zake ukiwa na jicho la mtu mbaya: sare yenye nembo ya shule, kibao cha mtaa nyuma yake, "leo niko mwenyewe home". Zenye hayo zifutwe.

11. Anacheza Free Fire na Roblox kutwa nzima. Kuna ubaya?

Mchezo wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni maongezi ndani yake, maana anasikia sauti za watu wazima asiowajua na wao wanasikia yake. Zima sauti ya timu, au acheze na marafiki wa kweli tu. Roblox ina udhibiti wa mzazi unaoweza kufunga maongezi.

Utapeli wao mkubwa ni daimondi za bure, zile ambazo kwa kawaida hununuliwa ndani ya mchezo: "nitumie ID na nenosiri nikuwekee". Akaunti inaibiwa, halafu mwizi anamwambia mtoto afanye jambo fulani ili airudishiwe. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa swali la 17.

12. Nisome meseji zake?

Kwa mtoto mdogo, ndiyo, naye ajue. Kwa kijana mkubwa, kupekua kwa siri huzaa akaunti ya pili usiyoijua, na tangu siku hiyo huna macho tena. Kaa naye mara kwa mara mpitie pamoja: nani wapya, nani wa kuzuia. Kukiwa na dalili za swali la 14, fungua simu. Usalama wake unatangulia faragha yake, na umweleze hivyo usoni.

13. Anasoma bweni, simu anaishika likizo tu. Si salama zaidi?

Siku za shule, ndiyo, ingawa simu za kuficha zipo. Likizo ndiyo hatari, hasa ile ndefu ya Desemba. Mtoto anashika simu kwa njaa ya miezi, bila mazoea na bila mtu nyumbani mchana. Wiki ya kwanza mpe saa chache, ongezeni taratibu. Ikikaribia kufungua shule, angalieni pamoja nani amezoeana naye likizo nzima.

## Watu walio upande wa pili

14. Nitajuaje kuna mtu anamrubuni mwanangu?

Mazungumzo ya namna hii yana mwendo wake. Yanaanza hadharani na yanaanza vizuri: "Mambo. Nimekuona kwenye grupu la Form Two, una akili sana." Kisha yanahamia pembeni: "Njoo inbox, huku kuna kelele." Yanafuata maswali yanayoonekana ya kawaida tu. "Mnaishi wangapi hapo kwenu? Mama anarudi saa ngapi? Unalala na nani?" Kwa maswali hayo matatu mtu ameshachora nyumba yako. Baadaye inakuja zawadi ndogo, bando au vocha, ili mtoto ajione ana deni. Halafu, "Usimwambie mtu, hawatatuelewa. Futa hizi meseji." Picha huombwa mwishoni kabisa, mtoto akiwa ameshaanza kumtetea.

Kwa hiyo usingoje uone neno chafu. Ukisikia siri, zawadi na maswali kuhusu ratiba ya nyumbani vimekaa pamoja, umeshafika. Nyumbani utaona bando lisilo na aliyelinunua, simu inayogeuzwa kifudifudi ukiingia, mtoto anayekesha, anayejitenga, au anayekasirika ghafla simu ikiguswa. Dalili moja peke yake inaweza kuwa balehe tu. Zikijikusanya, kaa naye usiku huo huo, kwa upole, na usimwandikie mtu yule. Akijua umegundua atafuta kila kitu.

15. Anayemwandikia si mgeni. Ni ndugu, au mwalimu wake wa tuisheni. Nifanyeje?

Mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Ndiyo maana onyo la "usiongee na watu usiowajua" halitoshi peke yake. Mfundishe kuangalia kinachofanyika: mtu mzima yeyote anayemwomba picha ya mwili, anayemwandikia usiku au anayemwambia afiche, hata akiwa mjomba, amevuka mpaka.

Ikitokea, shinikizo la kuyamaliza kifamilia litakuja haraka, na pengine litaletwa na watu unaowaheshimu. Ukikubali kikao, faini na kuombana radhi, mtoto atabaki akikutana na mtu huyo kila sikukuu, na mtu huyo atahamia kwa mtoto mwingine. Ripoti (swali la 22). Na mtoto asikalishwe kwenye kikao hicho kujieleza mbele yake.

16. Wenzake wanamsema na kumchafua kwenye grupu.

Usimwambie "achana nao". Kwake grupu hilo ndilo darasa lenyewe, kesho asubuhi atawakuta wote. Hifadhini picha za skrini zenye majina na tarehe, atoke kwenye grupu au alinyamazishe, azuie wanaomwandikia pembeni. Kisha nenda shuleni umwone mwalimu wa malezi na ushahidi wako, kabla hujawapigia wazazi wa wale watoto. Ugomvi wa wazazi kwenye grupu la darasa humrudia mtoto mara mbili. Akianza kukataa kula, kukataa shule au kusema heri nisingekuwepo, hilo ni la leo leo: usimwache peke yake, piga 116 au mpeleke kituo cha afya.

## Yameshatokea

17. Mwanangu anatishiwa kwamba picha zake zitasambazwa. Nifanye nini sasa hivi?

Anza na mtoto. Mwambie: "Hujafukuzwa, hujanivunjia heshima, tutalimaliza pamoja." Usimwache peke yake usiku huu.

Msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi na kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa ameshajua kuna pesa. Msitume picha nyingine, na acheni kumjibu. Msifute kitu. Piga picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, namba ya simu na namba ya pesa aliyotaka itumiwe. Mkishahifadhi hayo, mripotini ndani ya programu, kisha mzuieni. Halafu swali la 22, na kwa ajili ya picha yenyewe, swali la 18.

Wavulana hukamatwa kwa njia hii kwa wingi, na ndio wanaonyamaza zaidi. Akaunti ya msichana mzuri inamwandikia, ndani ya saa moja wameshabadilishana picha, kisha lugha inageuka: "Nina followers wako wote hapa. Tuma elfu hamsini kabla ya saa mbili, la sivyo naanza na mama yako." Mara nyingi hakuna msichana, kuna kundi la watu wazima linalofanya hivyo kama kazi. Mwaka 2024 vijana wawili kutoka Nigeria walihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja, baada ya mvulana wa miaka 17 waliyemtisha hivyo kujiua, saa chache tu tangu walipoanza kumwandikia. Msimulie mwanao mtego huu kabla haujamfikia. Akiujua, atautambua kwenye meseji ya tatu.

18. Picha yake imeshasambaa. Inaweza kuondolewa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kuna huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani, kwenye takeitdown.ncmec.org, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Huhitaji kutaja jina, na picha haitoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama yake ya kipekee, mfano wa alama ya kidole, ambayo Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na wengine waliojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa. Haifiki kwenye meseji zilizofungwa kama za WhatsApp. Huko itabidi kuripoti namba, na kumwomba kila aliyeipata aifute. Wengi hufuta wakielezwa kwamba kuisambaza ni kosa (swali la 20).

19. Picha ni ya bandia, imetengenezwa kwa akili mnemba. Ni kosa pia?

Ichukulie kwa uzito ule ule. Sura ni ya mwanao na aibu anaibeba yeye. Fuata hatua za swali la 17 na 18, na uripoti vilevile. Mwamini akisema si yeye, na usimlazimishe kuthibitisha.

20. Grupu la mtaa limetumiwa video ya mtoto akidhalilishwa, "isambazwe hadi mhusika akamatwe". Nisambaze?

Hapana. Kila anayeisambaza anamdhalilisha mtoto upya, na anavunja sheria hata kama nia ni njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inatoa faini kubwa au kifungo kisichopungua miaka 7 kwa kuchapisha ponografia ya watoto. Ya Kenya ya mwaka 2018 inafika hadi miaka 25. Andika nani ametuma, lini na grupu gani, toa taarifa, kisha ufute. Polisi wakihitaji kuiona video kabla hujaifuta, waonyeshe simu yako mkononi kituoni. Usimtumie ofisa kwa WhatsApp.

21. Amekutana na mtu huyo, na nahofia amemfanyia kitu.

Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Polisi watatoa fomu ya matibabu, PF3, au P3 kwa Kenya, lakini hali ikiwa mbaya matibabu yatangulie fomu. Simu ibaki kama ilivyo. Hadithi yote asiulizwe mara kumi na kila shangazi anayefika. Asikilizwe na mtu mmoja anayemwamini, kisha wataalamu.

22. Niripoti wapi?

Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto, ya bure, Tanzania na Kenya. Uganda nao wana 116, inaitwa Sauti. Mzazi anaweza kupiga, na mtoto mwenyewe pia, kwa hiyo ajue namba hiyo kwa kichwa. Tanzania nenda kituo cha polisi ukaulize Dawati la Jinsia na Watoto, au umwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kenya, idara ya upelelezi wa jinai (DCI) ina kitengo cha kulinda watoto na namba ya bure 0800 722 203. Nenda na simu yenyewe, picha za skrini na meseji za miamala, na uondoke na namba ya jalada. Ukizungushwa, rudi na ofisa ustawi wa jamii.

## Mambo mengine

23. Nimemkuta anaangalia video za ngono.

Zima simu, usimzime yeye. Wengi hukutana nazo kwa kiungo kilichotumwa kwenye grupu. Muulize ameona nini, nani kamtumia, na anajisikiaje. Mweleze kwamba zile ni maigizo ya watu wazima na hazifundishi namna ya kupendana. Aliyemtumia akiwa mtu mzima, rudi swali la 14.

24. Mwanangu ndiye aliyesambaza picha ya mwenzake.

Asiifute kimya kimya akaona yameisha. Ataje kila aliyemtumia, awaombe wafute, kisha nenda wewe mzazi kwa wazazi wa mtoto mwenzake kabla hawajakujia. Mweleze kuwa sheria za swali la 20 hazimwachi kwa sababu ni mdogo, ingawa mtoto hushughulikiwa kwa utaratibu wa watoto. Adhabu ya nyumbani iwepo, na ilingane na alivyomuumiza mwenzake.

25. Kuweka picha za watoto wangu status ni vibaya?

Furahi nao, kwa kiasi. Ziache zile za kuoga, za uchi wa kitoto, za kulia na za sare yenye jina la shule. Status yako inaonwa na fundi, wakala na mteja uliyehifadhi namba yake mwaka juzi. Akifika miaka saba au minane, muulize kwanza. Hapo ndipo anapojifunza kwamba picha yake ina mwenyewe.

26. Nafanya kazi Muscat, watoto wako kwa bibi yao. Nitawalindaje kutoka huku?

Simu unazowatumia ziweke tayari kabla ya kumpa mtu wa kuzibeba: Family Link, Play Store yenye namba ya siri, WhatsApp kama ilivyo swali la 9. Hapo nyumbani chagua mtu mmoja, mama mdogo au kaka mkubwa unayemwamini, awe ndiye wa kuambiwa, na watoto wajue ni yeye. Bibi umwachie jambo moja analoliweza vizuri: saa tatu usiku simu zote zinaletwa chumbani kwake. Ukipiga video, zungumza na kila mtoto peke yake kwa dakika chache, wengine wakiwa wametoka chumbani, na umuulize ameona nini wiki hii.